Sungura Wanasalimiana

Mwezi uliopita tulimzika Mamzeli Honorine hapa Kamina, na mimi, ambaye miguu hainifikishi tena hata sokoni, nilipakiwa kwenye pikipiki ya mjukuu hadi kanisani ili nisikilize uongo. Niliusikia wa kutosha. Wa kwanza alisimama akasema marehemu alikuwa mama wa wasichana wote wa mji huu. Wa pili, mwanamume mnene ambaye koti lake lilikataa kufungwa vifungo, akasema marehemu ndiye aliyetufundisha usafi wa mwili na wa maneno. Wa tatu alianza kulia kabla hajasema kitu, na huyo ndiye niliyemvumilia. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa nimebaki karibu peke yangu kati ya wale aliowafundisha miaka ya hamsini, wakanisogezea kipaza sauti mdomoni. Nikasema koo linaniuma. Koo langu lilikuwa zima kabisa. Ila hiyo sifa ya usafi wa maneno ilinikaa vibaya, na tangu siku ile sijatulia, kwa hiyo naandika.

Alijua kushona, hilo simnyimi. Alikuwa mtoto wa nchi kama sisi, aliyelelewa na masista tangu mdogo, na alipokuwa mwalimu wetu alikuwa amekwisha kusahau kwamba kuna watu duniani ambao hawakulelewa na masista. Alitembea na rula ya kupimia vitambaa kwapani. Sketi yake haikuwa na mkunjo hata mmoja, na aliangalia mikunjo ya sketi zetu kama mtu anayeangalia dhambi. Sisi tulikuwa wasichana wakubwa, tuliokwisha kuposwa au tuliokaribia, tukifundishwa kazi za nyumba: kushona, kupiga pasi, kuosha watoto, kupika mchuzi wa Kizungu ambao waume zetu wangekataa kuula. Mwisho wa mwaka ungepewa brevet yako, cheti cha kumaliza shule, na kwa brevet hiyo ungeolewa na mwanamume wa reli au karani. Mwaka wetu wa mwisho ulikuwa mwaka ambao reli ya kwenda Kabongo ilikuwa bado inajengwa, na ndege za kambi ya jeshi zilikuwa zikipita juu ya mabati yetu wakati wa rozari, hata Salamu Maria moja katika kila kumi ilikuwa haisikiki.

Nakumbuka vyumba vile vizuri kuliko chumba ninacholala sasa. Bweni lilikuwa refu, lina harufu ya sabuni na mafuta ya taa, na vitanda vilipangwa karibu hivi kwamba ukinyoosha mkono unamgusa mwenzako. Chumba cha kushonea kilipakana na chumba cha kupigia pasi, na ukuta kati yao ulikuwa wa mbao tu, mbao nyembamba zilizokauka zikaachana. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, au matembele, na samaki wa kukauka kutoka Bukama ambaye ulimtafuna mpaka taya zinauma. Jumapili masista walikula sungura, na sisi tulikula harufu yake. Sungura hao tuliwafuga wenyewe, nyuma ya jikoni, katika vizimba vya mbao na waya, kwa sababu katika masomo yetu kulikuwa na somo la kufuga wanyama wadogo. Somo hilo lilimtia Mamzeli jasho kuliko somo lolote. Bata, kuku na sungura wana tabia moja mbaya, nayo ni kuzaa, na mwalimu alitakiwa kutuambia wanazaaje.

Siku ya somo hilo alifunga madirisha. Nje kulikuwa na joto la Oktoba, ndani tulikuwa wasichana waliokua pamoja na mbuzi, ambao tangu hatujaota meno tulijua mbuzi dume anataka nini. Mamzeli alisimama akaangalia dari.

"Lapin mwanaume na lapin mwanamuke," alisema, "banasalimiana. Kisha mwezi, batoto banazaliwa. Écrivez."

Tukaandika. Kalamu zilikwaruza, na hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake. Akaendelea. Jogoo na kuku nao wanasalimiana, na kuku ambaye hakusalimiwa mayai yake hayaanguliwi. Bata wanasalimiana majini. Mbuzi wanasalimiana wakati wowote, kwa kuwa mbuzi hawana adabu. Nikanyoosha mkono.

"Mamzeli, banasalimiana na mukono ao na mudomo?"

"Véronique, dehors! Uende kupiga magoti ku mabwe!"

Nilipiga magoti kwenye mawe mpaka chakula cha mchana, na magoti hayo hayo ndiyo yananitesa leo, ingawa daktari anasema ni uzee. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na likawa sheria. Ole wako ukisema bata "amepandwa". Ilibidi useme amesalimiwa. Jike akifika wakati wake, alitiwa katika kikapu, kikapu kikafunikwa kitambaa cheupe, akapelekwa kwa mapadri, ambako dume pekee wa misheni alifungiwa kama mfungwa wa hatari. Ukikutana na kikapu njiani ukauliza kinakwenda wapi, unajibiwa kwa sura ya kanisani kabisa kwamba madamu anakwenda kusalimia. Sisi wakubwa tulicheka usiku mpaka shuka zikalowa machozi. Wadogo wa madarasa ya chini hawakucheka. Wadogo waliamini, na hao ndio waliopata taabu. Kulikuwa na kasichana kutoka Kabongo, ambaye mjomba wake alikuja kumtembelea siku ya Jumapili, akamwambia mpe mkono padri, umsalimie. Mtoto alijificha nyuma ya nguzo akalia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Mamzeli alimsifu kwa haya yake.

Aliyetunza sungura mwaka ule alikuwa Albertine. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Alitoka Mulongo, kwa watu wa mto na mitumbwi, msichana mrefu, mpole, asiyejua kusema mambo mawili kwa neno moja. Mimi nilikuwa mjanja, na ujanja wangu ulinipeleka kwenye mawe. Yeye alikuwa mnyofu, na unyofu wake ulimpeleka pabaya zaidi. Kwao walimlea kusalimia. Sijaona mtu mwingine aliyesalimia hivyo. Awe sista, awe mchota maji, Albertine alipiga goti chini, akapiga makofi madogo, akasema wakomapo, salamu ya kwao, na akangoja kuitikiwa kabla hajainuka. Ukiwa na haraka naye ilikuwa adhabu. Alikuwa ameposwa na Faustin, kijana wa reli aliyekuwa akitia makaa katika lokomotivi, na harusi yao ilikuwa inangoja kitu kimoja tu. Baba yake Faustin alikuwa katekista wa kambi ya reli, mtu wa maneno makali, na alikuwa amesema mbele ya ndugu wote kwamba mwana wake ataoa msichana mwenye brevet ya masista, au hataoa. Kwa hiyo Albertine alisoma kwa moyo wote. Aliandika hata koma za Mamzeli.

Mwanzo wa mvua mchwa walikula mguu wa kizimba kimoja kikaanguka, na kwa kuwa fundi hakupatikana, majike wawili waliwekwa pamoja. Mmoja aliitwa Dushesi, mweupe, mnene, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha. Mchana mmoja tulikuwa tunawatilia majani, Albertine na mimi, tukaona yule mwenzake anampanda Dushesi mgongoni na kufanya kazi yote ya dume, kwa bidii, ingawa hakuwa na kitu cha kuifanyia. Sungura ni mnyama mjinga. Nikamwambia Albertine, tazama, wanawake wawili wanasalimiana. Akacheka akafunika mdomo kwa kanga, na tukasahau.

Baada ya kama nusu ya mwezi akaja kuniita mbio.

"Véro, kuya uone! Dushesi anajinyonyoa!"

Kweli. Dushesi alikuwa anajivuta manyoya ya kifuani kwa meno, matonge kwa matonge, na kuyapanga pembeni juu ya majani makavu. Alikuwa anatengeneza kiota kama jike aliyekaribia kuzaa. Leo najua jambo hilo vizuri, maana nimefuga sungura maisha yangu yote na nimekula wengi zaidi ya niliofuga. Jike akipandwa na jike mwenzake mwili wake unadanganyika. Unajitengeneza kwa mimba isiyokuwepo, maziwa yanaanza kuja, manyoya yanang'olewa, kiota kinajengwa, na siku ikifika hakuna kitu, anarudi kula majani yake. Watu wa mifugo wanaiita mimba ya uongo. Hata kama tusingejua jina hilo wakati ule, kulikuwa na njia rahisi ya kujua kama Dushesi ana mimba, nayo ilikuwa kungoja.

Mamzeli hakungoja. Alikuwa amejisifu kwa Masera Godelieve, mkubwa wa masista, kwamba katika ua wake hakuna dume anayeingia, wa miguu minne wala wa miwili. Akaja, akatazama kiota, akatazama sisi, na rula ikashuka kutoka kwapani.

"Nani aliingiza mwanaume hapa?"

Albertine, ambaye angeweza kunyamaza kama sisi wote, alijibu kwamba hakuna aliyeingia. Kisha, kwa kuwa alitaka kusaidia, akaongeza kwamba Faustin naye anafuga sungura kule kambini, ana dume kubwa sana, labda yeye anaweza kueleza hii ni nini. Hata sasa nikikumbuka nataka kumziba mdomo. Niliona kichwa cha Mamzeli kikifanya hesabu yake ndogo: Faustin ana dume, Albertine ana ufunguo wa vizimba, ukuta wa nyuma ni mfupi. Katika dakika moja alikuwa amekwisha kumpandisha kijana wa watu ukutani na sungura chini ya mkono, na kwa kuwa amepanda, hakupanda kwa ajili ya sungura peke yake.

Alasiri ile nilikuwa napiga pasi kitambaa cha altare, pasi ya makaa, nzito, na upande wa pili wa mbao wakaingia Mamzeli, Masera Godelieve na Albertine. Masera alikuwa amejifunza Kiswahili katika kitabu, huko kwao, kabla ya kupanda meli. Alikisema taratibu, safi, na alipozungumza nasi hatukumwelewa, na sisi tukizungumza haraka yeye hakutuelewa. Mamzeli ndiye aliyekuwa masikio yake. Nilisikia kiti kikivutwa.

"Albertine," alisema Mamzeli, "ile Faustin ya ku camp, weye unamusalimiaka?"

"Ndiyo, Mamzeli."

Nadhani Mamzeli alijiandaa kwa machozi na kukana, si kwa ndiyo.

"Unaitika bule bule hivi?"

"Ndiyo, Mamzeli. Namusalimiaka."

"Toka wakati gani?"

"Toka tulijuana. Hata siku ya kwanza nilimusalimia."

"Siku ya kwanza! Wapi?"

"Ku mulango ya kanisa, Mamzeli. Kisha misa."

"Ku mulango ya kanisa? Mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu, ndiyo." Nikasikia katika sauti ya Albertine kwamba sasa ameanza kuogopa, na kwa kuwa aliogopa akajaribu kuonyesha kwamba adabu yake haina upungufu. "Na baba yake minyi namusalimiaka. Na Mupe. Hata Mupe namusalimiaka kila siku."

Mupe ndiye padri. Nilishikilia pasi mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja ule ukuta kwa pasi. Nikasema moyoni, sasa ataelewa. Hata mtu mwenye akili ya bata angesimama hapo, angejigonga paji la uso, angesema mtoto anazungumza juu ya salamu. Nikasikia Masera akiuliza kwa Kifaransa, anasema nini? Mamzeli akajibu, kwa Kifaransa pia, na Kifaransa changu kilitosha kwa hilo, kwamba anakiri. Anakiri yote, Masera, na kijana wa reli, tangu siku ya kwanza.

Mamzeli hakumtaja baba yake Faustin. Hakumtaja padri. Aliwaacha nje wote wawili, na hapo ndipo nilipomjua Mamzeli Honorine, na sijapata sababu ya kumjua upya hadi leo. Sikio lake lilikuwa limesikia vizuri kabisa. Lilikuwa limesikia kwamba jibu halikai mahali pake, kwamba msichana anasema jambo moja na yeye anauliza jingine. Ili kunyoosha jambo hilo ilibidi atamke neno lenyewe, lile ambalo kila mtoto wa kijijini analitamka akichunga mbuzi, mbele ya Masera. Alikuwa na msichana upande mmoja na neno upande mwingine. Alimtoa msichana. Siyo kwamba alimchukia Albertine, hata hilo lingekuwa na damu kidogo ndani yake. Aliona aibu tu, na aibu yake aliithamini kuliko harusi ya mtu.

Asubuhi Albertine alipelekwa stesheni na kutiwa katika treni ya Bukama, na sanduku lake, na bila maelezo. Kabla hajatoka langoni alinishika mkono akaniuliza, Véro, nilisalimia vibaya? Sikuweza kumjibu kwa sababu Mamzeli alikuwa amesimama pale. Jioni ile ile habari ilifika kambi ya reli, na katekista hakutaka kusikia neno la pili. Alisema msichana aliyefukuzwa na masista hataingia nyumbani kwake hata kuomba maji. Faustin alipotaka kuuliza, baba yake alimwambia kwamba hata yeye anatajwa katika habari hiyo, afadhali akae kimya akatie makaa.

Nilimfuata Mamzeli chumba cha kushonea. Nilimwambia Albertine alizungumza juu ya salamu za watu, hakuzungumza juu ya zile za wanyama.

"Weye njo avocat ya kumutetea?"

"Hapana, Mamzeli. Lakini muulize tena, na neno ingine."

"Neno gani ingine? Hakuna neno ingine. Rudia ku fer yako."

Nikarudi kwenye pasi yangu. Na kile kiota? Siku zikapita, tukaenda kutazama kila asubuhi, shule nzima, kama watu wanaokwenda kutazama ajali. Dushesi alikaa juu ya manyoya yake siku chache, akaonekana mtu mwenye mawazo, kisha akatoka akaanza kula matembele. Hakuzaa hata panya. Mamzeli akasema alizaa na akala watoto wake, kwa sababu wanyama wanahisi dhambi ya mahali. Alisema hivyo darasani, mdomo haukumtetemeka. Kisha, wakati Albertine alikuwa amekwisha kufika kwao zamani na ufunguo uko mfukoni mwa Mamzeli mwenyewe, yule jike mwingine, aliyebaki kizimba kimoja na Dushesi, naye akaanza kujinyonyoa. Hakuna aliyeulizwa. Mamzeli alitoa majani na manyoya kwa mkono wake, akayachoma nyuma ya choo, akaamuru vizimba vitengenezwe, na fundi ambaye hakupatikana kwa mwezi mzima akapatikana kabla ya chakula cha mchana.

Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa alipokuja mama yake Albertine. Tulikuwa barazani tunakula, sahani magotini, maana mvua ilikuwa imevujisha chumba cha kulia. Aliingia kwa lango kubwa, mwanamke mpana, mweusi tititi, amevaa kikwembe, kitenge chake kizuri, na harufu ya moshi wa samaki ikaingia pamoja naye. Albertine alikuwa nyuma yake, amekonda. Mama yule alikuwa ametoka Mulongo kwa mtumbwi hadi Bukama na kutoka Bukama kwa treni, na hakuwa amekuja kulia. Alipiga goti mbele ya Masera Godelieve, akapiga makofi, akasalimia kwa Kiluba. Masera akajibu kwa Kiswahili chake cha kitabu, hujambo mama. Kisha mama akainuka, akamtafuta Mamzeli kwa macho, akampata.

"Mutoto yangu alirudia nyumbani," alisema. "Nikamuuliza, ulifanya nini? Anasema, mama, nilisalimia. Nikasema labda anaogopa kunieleza. Njo nimekuya kukuuliza weye. Alifanya nini?"

"Anajua ye mwenyewe," alisema Mamzeli.

"Minyi sijue. Niambie."

Tuliacha kutafuna. Mamzeli alitazama sahani zetu, akatazama lango, akatazama rula yake.

"Alimusalimia Faustin."

"Eh." Mama alingoja. "Kisha?"

"Njo ile tu."

"Njo ile tu? Kwetu mutoto mwenye hasalimie, yee njo tunamufukuza."

"Alimusalimia vibaya."

"Vibaya namna gani? Hakupiga magoti?"

Kicheko cha kwanza kilitoka mwisho wa baraza, kikazimwa kwa mkono. Mama akageuka kututazama sisi, uso baada ya uso, kwa sababu aliona kwamba tunajua kitu, na mimi nikaweka sahani yangu chini nikasimama. Nilikuwa na umri wa kuolewa na nilikuwa nimechoshwa na ujinga uliovaa sketi iliyopigwa pasi.

"Mama," nilisema, "hapa kusalimia njo kile jogoo anafanya na kuku. Mamzeli alitufundisha vile."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alimgeukia binti yake, akamuuliza kwa Kiluba, maneno machache, na neno lenyewe lilikuwamo, limesimama wazi mchana kweupe, na hakuna bati lililoanguka. Albertine alikodoa macho. Nadhani ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza alichokuwa amekiri. Akasema hapana, mama, hata siku moja, akaanza kulia kwa hasira, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona na hasira.

"Na baba ya Faustin?" Mama alimuuliza Mamzeli, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Na Mupe? Sababu aliniambia alibasalimia bote. Nao bote balimulala mutoto yangu? Ku mulango ya kanisa?"

Masera Godelieve alikuwa amewekwa nje ya mambo mengi katika maisha yake, lakini Kiswahili cha kitabu kina faida moja: kila neno lina maana moja. Nilimwona akilitafuta lile neno kichwani mwake, akilipata, akilitazama. Shingo yake ikawa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

"Mademoiselle," alisema, taratibu, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Kusalimia ni nini?"

Mamzeli alirudisha rula kwapani.

"Nauliza. Kusalimia maana yake nini?"

"Ni kusema bonjour, Masera."

"Basi," alisema Masera. "Albertine, rudi katika kitanda chako. Mimi mwenyewe nitakwenda kambini kusema na katekista."

Kuomba radhi hakuomba, usitegemee hivyo kwa mkubwa wa masista wa zama zile. Alisema basi, na kwa watu wa namna yake basi ni neno kubwa. Mama wa Mulongo hakupiga goti kumshukuru, na nilimpenda kwa hilo. Alisimama imara, mikono kiunoni, akimwangalia Mamzeli, akingoja kuona kama kuna mtu ndani ya ile sketi.

Ndipo Albertine akafuta machozi kwa kiganja, akavuka baraza katikati ya sahani zetu, akafika mbele ya Mamzeli Honorine. Akapiga goti. Hakufanya kwa dhihaka. Angefanya mimi ingekuwa dhihaka, lakini yeye hakuijua. Akapiga makofi madogo, kama alivyolelewa.

"Wakomapo, Mamzeli."

Akangoja kuitikiwa. Tulingoja sote, mama yake, Masera, wasichana na vijiko vyao. Mamzeli akageuka na kuingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, na tukasikia komeo.

Albertine alibaki chini kidogo, kwa kuwa kwao huinuki kabla hujaitikiwa. Halafu akainuka, akajipangusa vumbi la goti, akaja kuketi karibu nami, akaniuliza tumepika nini.